Rai Yangu Kuhusu Stauti ya Rai

Leo kazi ya kuandika programu inapumzika kidogo, ingawa mkifika katikati mtaona haijaenda mbali. Nimepewa bia niionje na kuitolea hukumu. Si hukumu ya baa, ile ya "hii ni kali" au "hii ni maji tu". Hii ni hukumu yenye pesa za mtu ndani yake.

Mwenye bia ni rafiki yangu wa zamani. Tuliandika programu pamoja hapa Nairobi, meza moja, kabla hajahamia Ujerumani. Nitamwita Fundi. Huko aliko amejifunza kupika bia nyumbani, na kila akija Kenya sanduku lake huwa na chupa zilizovishwa soksi zisivunjike. Safari hii alileta chupa 4 za nusu lita. Mbili zimeandikwa A, mbili zimeandikwa B. Zote ni stauti, yaani bia nyeusi ya ukoo wa Guinness. Tofauti yake ni moja tu: B ina rai.

Najua hapo mmesimama. Rai tunayoijua ni maoni ya mtu. Rai ninayoizungumzia ni nafaka, ndugu wa ngano na shayiri. Hulimwa sana Ujerumani, Polandi na Urusi kwa sababu inastahimili baridi kali na udongo duni, na ndiyo hutengeneza ule mkate mweusi mzito wa Ulaya kaskazini. Kwa hiyo leo natoa rai juu ya rai. Utani umekwisha, tuendelee.

Fundi na mwenzake wanataka kununua mtambo mdogo wa lita 200 na kuanza kuuza. Stauti ya rai ndiyo wanataka iwe bidhaa yao ya kwanza, na akiba yake karibu yote inaingia humo. Akaniambia hivi: "Ndugu yangu, kila ninayemwonjesha anasema ni tamu. Wewe niambie ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Ombi hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Sisi tumelelewa kwamba ukikaribishwa kinywaji unasema asante, ni kitamu. Hiyo ni adabu njema, lakini kwa anayetengeneza kitu ni ripoti isiyomsaidia. Ni kama mtumiaji unayempa programu mpya aijaribu, halafu anakujibu "iko sawa tu". Iko sawa wapi? Ulibonyeza nini?

Weusi unatoka wapi

Kwanza tuelewe kilichomo. Shayiri hulowekwa ikaanza kuchipua, kisha ikakaushwa. Hicho ni kimea. Akina mama wanaotengeneza busaa kwa kimea cha wimbi wanaijua kazi hii bila kusomea popote. Kimea kikikaushwa taratibu hutoa bia ya rangi ya dhahabu. Ukitaka bia nyeusi, unachukua sehemu ndogo ya nafaka na kuikaanga kama kahawa, kwa joto linalopita nyuzi 200. Mwaka 1817 Mwingereza aitwaye Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea kikawa cheusi bila kugeuka majivu, na tangu hapo kiasi kidogo tu kikatosha kutia weusi pipa zima. Ireland walikuja kuzoea kukaanga shayiri ambayo haikuchipushwa kabisa. Hiyo ndiyo inayotoa ile ladha kavu ya kahawa.

Mapishi ya Fundi kwa lita 20 ni haya:

A: kimea cha shayiri kilo 4.5, shayiri iliyokaangwa kilo 0.5.
B: kimea cha shayiri kilo 3.5, kimea cha rai kilo 1, shayiri iliyokaangwa kilo 0.5.

Hopsi ni zile zile, hamira ni ile ile, maji ni yale yale. Kilevi ni kama asilimia 5 kwa zote mbili. Kwa lugha yetu ya kazini, amebadilisha mstari mmoja tu wa programu. Hapo nilimpongeza kabla hata ya kufungua chupa, maana wengi hubadilisha vitu vitano kwa mpigo halafu wanashangaa hawajui kipi kimeleta matokeo.

Sasa, rai ina gharama yake. Punje ya shayiri hubaki na ganda lake hata baada ya kupurwa. Ukiloweka kimea kwenye maji moto ili kupata ule utamu, maganda hayo hukaa chini na kuwa chujio. Rai haina ganda. Ikipurwa hutoka uchi kama ngano. Zaidi ya hapo, ina aina ya nyuzinyuzi zinazofyonza maji na kuvuta kama mrenda. Matokeo yake ni uji mzito unaogoma kupita. Kuchuja A kulimchukua Fundi saa moja. B ilimchukua saa mbili na nusu. Wapishi wengine huongeza makapi ya mpunga ili kuupa uji njia, lakini hiyo nayo ni gharama na ni kazi.

Kwa hiyo swali lililoko mezani si "je, bia hii ni tamu?" Swali ni: je, mnywaji anaipata hiyo rai? Kama haonji tofauti, basi Fundi anajitesa saa moja na nusu kila akipika, kwa ajili ya neno lililoandikwa kwenye lebo. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo. Unakesha wiki mbili ukitengeneza kitu ambacho hakuna mtumiaji atakayewahi kukigundua.

Vikombe vitatu

Kuna jaribio rahisi sana la kujibu swali hilo. Linaitwa jaribio la pembetatu, na viwanda vya bia vimelitumia tangu miaka ya 1940. Mwonjaji anapewa vikombe vitatu. Viwili vina kinywaji kimoja, cha tatu kina kingine. Kazi yake ni moja: kuonyesha kilicho tofauti. Haulizwi kipi kizuri. Haulizwi ladha ya nini. Kipi kimekaa peke yake, basi.

Nilifanya hivi. Mke wangu, ambaye hanywi bia, alikubali kuwa msimamizi. Nilimwandikia programu ya mistari kumi inayochagua kwa bahati nasibu mojawapo ya mipangilio sita (AAB, ABA, BAA, BBA, BAB, ABB) na kumpa namba za tarakimu tatu za kubandika chini ya vikombe. Yeye alimimina jikoni, mimi nilikaa sebuleni nimeupa mlango mgongo. Vikombe vilikuwa vya kauri, vya bluu iliyokoza, ili nisisaidiwe na rangi. Chupa zilitoka kwenye friji nusu saa kabla, maana baridi kali huua ladha na stauti huzungumza vizuri zaidi kwenye nyuzi 10 hadi 13. Kila kikombe kilikuwa na mililita 30 tu. Katikati nilikunywa maji na kutafuna mkate mkavu. Mizunguko mitatu usiku wa kwanza, mitatu usiku wa pili, na kila usiku tulifungua chupa mpya ya A na mpya ya B, ili nisije nikahukumu chupa nikidhani nahukumu bia.

Kabla ya kuonja chochote niliandika kwenye karatasi: nikipata 5 kati ya 6 au zaidi, nitasema tofauti ipo. Chini ya hapo, sitasema. Ni muhimu kuandika kabla. Ukishaona matokeo, akili inaanza kujitetea.

Kwa nini 5? Hesabu yake inatosha nyuma ya bahasha. Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 3 kila mzunguko. Mizunguko sita inatoa njia 3 × 3 × 3 × 3 × 3 × 3, yaani 729. Kupata zote sita kuna njia 1. Kupata tano na kukosa moja kuna njia 12. Jumla 13 kati ya 729, chini kidogo ya asilimia 2. Kupata nne au zaidi ni njia 73, yaani asilimia 10, na hiyo mtu anaweza kuibahatisha bila taabu.

Nilipata 5.

Mnaofanya majaribio ya A na B kwenye tovuti zenu mnaijua hesabu ya aina hii. Lakini je, mnajua kwamba sehemu yake kubwa ilizaliwa ndani ya kiwanda cha stauti? Mwaka 1899 kijana aitwaye William Sealy Gosset aliajiriwa Guinness, Dublin. Kazi yake ilihusu shayiri na hopsi, na tatizo lake lilikuwa kwamba vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vichache mno: shamba nne hapa, sampuli sita pale. Hisabati ya siku zile ilitaka vipimo vingi. Yeye akatafuta njia ya kujua ni kiasi gani unaweza kuamini namba chache. Mwaka 1908 akachapisha kazi yake katika jarida la Biometrika kwa jina la bandia, "Student", kwa sababu kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Kile kipimo cha t ambacho leo kimo ndani ya kila programu ya takwimu na hata kwenye Excel ni chake. Kwa hiyo mimi na mizunguko yangu sita tulikuwa nyumbani kabisa.

Kuipa ladha jina

Tofauti ipo. Je, ni tofauti gani? Hapa ndipo waonjaji wengi hupotea, maana wanachukua maneno ya watu. Ukisoma maelezo ya bia nyeusi kutoka Ulaya na Marekani utakuta matunda ambayo hujawahi kuyatia mdomoni. Mtu wa Kakamega anaandika kwamba bia ina ladha ya tunda fulani la msituni Sweden. Amelijulia wapi?

Niliamua kuandika maneno ya mdomo wangu tu. Haya ndiyo yaliyo kwenye daftari.

A: Nyeusi tii. Povu la rangi ya kahawa ya maziwa. Inanukia kahawa chungu ya Mombasa kabla haijatiwa tangawizi. Mdomoni ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Mwisho ni mkavu, na ulimi unabaki na ukakasi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi.

B: Nyeusi vile vile. Povu zito zaidi, linashika ukuta wa kikombe. Kahawa ipo, lakini nyuma yake kuna ukoko wa ugali, ule wa chini ya sufuria ambao watoto huugombania. Mdomoni ni nzito, laini, inateleza kama uji wa wimbi uliopoa kidogo. Ukakasi wa mwisho upo, umepungua kidogo tu.

Angalieni neno ambalo halimo. Fundi kwenye lebo yake ya majaribio ameandika kwamba rai huipa bia ladha ya viungo, na wapishi wengi duniani husema hivyo hivyo. Nilivitafuta hivyo viungo usiku wote wawili. Pilipili manga, hakuna. Karafuu, hakuna. Nadhani sehemu ya sifa hiyo inatoka kwenye mkate. Mikate mingi ya rai ya Ulaya hutiwa kisibiti, na mtu aliyekula mkate huo tangu utotoni akisikia "rai" anakumbuka kisibiti, hata kama ndani ya glasi hakuna hata punje moja. Mimi sina kumbukumbu hiyo. Nina kumbukumbu ya wimbi na ukoko, na hivyo ndivyo nilivyovipata.

Kwa hiyo kwa mdomo wangu, kazi ya rai katika bia hii ni uzito na ladha ya nafaka. Viungo si kazi yake.

Alama

BJCP, chama cha Marekani cha waamuzi wa bia kilichoanzishwa 1985, kina karatasi ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Naipenda karatasi hiyo kwa sababu inakulazimisha kugawa hukumu vipande vipande, kama tunavyogawa programu kubwa. B niliipa hivi:

Harufu: 8 kati ya 12. Safi, lakini kahawa inafunika nafaka.
Mwonekano: 3 kati ya 3.
Ladha: 14 kati ya 20. Ukoko ni mzuri, ukakasi wa mwisho unaharibu.
Hisia mdomoni: 5 kati ya 5. Hapa rai imelipa deni lake lote.
Jumla ya bia nzima: 6 kati ya 10.

Inakuwa 36. Kwenye ngazi yao, 30 hadi 37 ni "nzuri sana", na bora kabisa huanzia 45. Kwa bia iliyopikwa jikoni si haba. Kwa bia inayobeba akiba ya mtu, bado haijafika.

Nilichomwandikia

Ripoti yangu kwa Fundi ilikuwa na sehemu nne, na naziweka hapa kwa idhini yake.

1. Rai inaonjeka. Usiiondoe. Lakini hilo limethibitika kwa mdomo mmoja tu, wangu. Kabla ya kulipia mtambo, rudia jaribio la pembetatu na wanywaji 24 wa mtaani kwako, kila mmoja mara moja. Wakipatia 13 au zaidi, unaweza kuamini kwamba si bahati. Wakipatia 9, weka pesa mfukoni kwanza.

2. Toa neno "viungo" kwenye lebo. Mtu akiahidiwa viungo na asivipate, atadhani bia ina kasoro, kumbe kasoro iko kwenye maandishi. Sema nzito, laini, ukoko wa mkate.

3. Ukakasi ndio adui. Nadhani unatoka kwenye ile nusu kilo ya shayiri iliyokaangwa, hasa maganda yake yaliyoungua. Na dawa unayo tayari. Rai haina ganda, na ndiyo maana inakusumbua kwenye kuchuja. Kwa sababu hiyo hiyo, rai iliyokaangwa hutoa weusi wenye ukakasi mdogo kuliko shayiri iliyokaangwa na ganda lake. Weyermann wa Bamberg, huko huko Ujerumani, wanauza kimea cha rai kilichokaangwa. Punguza shayiri nyeusi hadi gramu 200, weka rai nyeusi gramu 300, usiguse kingine chochote. Kitu kinachokugharimu saa moja na nusu kinaweza kukurudishia alama tatu za ladha.

4. Mimi binafsi ningeagiza A. Napenda bia nyepesi, hasa Nairobi ikiwa na jua. Lakini nimeliweka hili mwisho kwa makusudi, na ukitaka ulifute.

Hiyo namba 4 ndiyo iliyomkera kidogo. Akanipigia simu: "Yaani baada ya yote haya, wewe unataka A?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana unaweza kuziamini zile tatu za juu. Ningekuwa naipenda B, ungejuaje kwamba sikuitetea? Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ninaweza kumtumia ile programu ya mistari kumi. Nimeshamtumia. Toleo la tatu, lenye rai nyeusi, amelipika na liko kwenye chupa likisubiri. Mtambo bado hajaulipia.

Nawaachia na hili. Tukiombwa kuhukumu kitu, iwe bia, programu au mashairi ya rafiki, huwa tunaanza na "naipenda" au "siipendi" kwa sababu ndilo jibu lililo karibu na ulimi. Kwa anayetengeneza, hilo ndilo jibu lenye faida ndogo kuliko yote. Anza na je, kuna tofauti. Fuata na ni tofauti gani, kwa maneno ya mdomo wako mwenyewe. Kupenda kuje mwisho, na kupewe mstari mmoja.

Na kwa wasomaji msiokunywa pombe, asanteni kwa uvumilivu. Jaribio hili halihitaji bia. Chukueni maziwa ya mtindi ya aina mbili, au chai ya mfuko na chai ya majani, vikombe vitatu na mtu mmoja wa kumimina jikoni. Andikeni namba yenu kwenye karatasi kabla ya kuonja. Kisha mniambie mlipata ngapi kati ya sita.

Nawasilisha.